Mimenyuko ya Nyongeza ya Alkeni: Kutoka Mafuta ya Pamba hadi Mfuko wa Rambo

Malengo ya mada

Baada ya kusoma mada hii, utaweza:

(a) kueleza kwa nini alkeni humenyuka kwa urahisi kuliko alkani;
(b) kuandika milinganyo ya nyongeza ya haidrojeni, halojeni, haidrojeni halaidi na maji;
(c) kutumia kanuni ya Markovnikov bila kubahatisha;
(d) kutofautisha alkeni na alkani maabara;
(e) kueleza jinsi etheni inavyokuwa polietheni, na kwa nini plastiki hiyo hudumu ziwani.

1. Anza na unachokiona

Fikiria umesimama asubuhi katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Mbele yako kuna magunia ya dagaa waliokaushwa juani. Kwenye duka la jirani kuna dumu la mafuta ya mbegu za pamba, ambayo ni kimiminika, na pembeni yake kopo la mafuta ya kupikia yaliyoganda. Ufukweni, mawimbi yanasukuma kipande cha mfuko wa plastiki, ule ambao watu waliuita rambo, ingawa mifuko hiyo ilipigwa marufuku Tanzania Bara kuanzia tarehe 1 Juni 2019.

Mafuta ya dumuni, mafuta ya kopo na mfuko wa ufukweni vinaelezwa na wazo moja la kemia. Liandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako:

*Bondi maradufu inafunguka, vipande viwili vinaingia, hakuna kinachotoka.*

Ukilishika wazo hili hutahitaji kukariri milinganyo kumi, kwa sababu utaweza kuitengeneza mwenyewe. Katika mtihani utajibu kwa Kiingereza, lakini ni vigumu kueleza kwa Kiingereza jambo ambalo hujalielewa kwa lugha yoyote. Soma hapa mpaka uelewe, kisha rudi kwenye daftari lako la darasani uandike milinganyo ileile. Fomula hazina lugha.

2. Alkeni na bondi yake

Alkeni ni haidrokaboni zenye bondi maradufu moja kati ya atomu mbili za kaboni. Fomula yao ya jumla ni CₙH₂ₙ, ambapo n huanzia 2.

Etheni: CH₂=CH₂
Propeni: CH₃–CH=CH₂
But-1-eni: CH₃–CH₂–CH=CH₂
But-2-eni: CH₃–CH=CH–CH₃

Alkani, ambazo fomula yake ni CₙH₂ₙ₊₂, zimeshiba: kila kaboni imeshika atomu nyingi kadiri inavyoweza. Alkeni hazijashiba. Bado zina nafasi, na nafasi hiyo ipo kwenye bondi maradufu.

Wanafunzi wengi huuliza: kama bondi maradufu ni bondi mbili, kwa nini isiwe imara mara mbili? Tazama namba. Kuvunja bondi moja ya C–C huhitaji takriban kilojuli 347 kwa moli. Kuvunja bondi maradufu C=C huhitaji takriban kilojuli 612 kwa moli. Toa: 612 – 347 = 265. Kwa hiyo bondi ya pili, ile iliyoongezwa juu ya ya kwanza, ni dhaifu kuliko ya kwanza. Ndiyo inayofunguka. Ya kwanza hubaki na kuendelea kuzishikilia kaboni mbili pamoja.

3. Nyongeza si ubadilishaji

Linganisha milinganyo hii miwili:

CH₄ + Cl₂ → CH₃Cl + HCl (mwanga wa jua unahitajika)

CH₂=CH₂ + Cl₂ → CH₂Cl–CH₂Cl

Methani ni kama daladala ya Buzuruga kwenda Nyegezi iliyojaa viti vyote. Klorini ikitaka kupanda, lazima haidrojeni moja ishuke. Huo ni ubadilishaji, na ndiyo maana unaona HCl upande wa kulia. Etheni ni daladala yenye viti viwili vitupu. Atomu zote mbili za klorini zinapanda, na hakuna abiria anayeshuka. Hiyo ni nyongeza, na ndiyo maana kuna zao moja tu.

Kipimo cha haraka: hesabu mazao upande wa kulia. Kama alkeni na kitendanishi vimetoa zao moja tu, lenye atomu zote za pande mbili, umeandika nyongeza. Ukijikuta umeandika "+ HCl" au "+ H₂" mwishoni, rudi nyuma.

4. Mimenyuko unayopaswa kuijua

4.1 Kuongeza haidrojeni

CH₂=CH₂ + H₂ → CH₃–CH₃

Kichocheo ni nikeli ya unga, katika joto la takriban 150 °C hadi 200 °C. Alkeni inakuwa alkani.

Mmenyuko huu ndio uliolifikisha lile kopo la mafuta dukani. Pamba inayolimwa Kwimba, Magu, Misungwi na mikoa jirani ya Simiyu na Shinyanga hupelekwa viwandani kuchambuliwa. Nyuzi huenda kwenye nguo. Mbegu hukamuliwa, mafuta hupatikana, na mashudu huliwa na ng'ombe. Takriban nusu ya asidi za mafuta zilizo katika mafuta ya pamba ni asidi ya linoleiki, C₁₈H₃₂O₂, ambayo ina bondi maradufu mbili katika mnyororo wake. Katika mafuta ya asili bondi hizo huufanya mnyororo upinde. Minyororo iliyopinda haipangiki vizuri pamoja, kwa hiyo mafuta hubaki kimiminika. Ukiongeza haidrojeni, bondi maradufu hupungua, minyororo hunyooka, hupangika kama kuni zilizofungwa vizuri, na mafuta huganda.

Mfaransa Paul Sabatier alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1912 kwa kazi yake ya kuongeza haidrojeni kwa kutumia vichocheo vya metali. Mjerumani Wilhelm Normann alikuwa ameitumia njia hiyo kwa mafuta ya kimiminika tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1911 kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani ilianza kuuza Crisco, mafuta magumu ya kupikia yaliyotengenezwa kwa mafuta ya mbegu za pamba. Zao la mkulima wa pamba likapata soko jipya kwa sababu ya bondi maradufu.

Lakini kuna upande wa pili. Haidrojeni isipoongezwa kikamilifu, baadhi ya bondi maradufu zinazobaki hugeuka umbo: badala ya kupinda, zinanyooka. Haya ndiyo mafuta ya transi, ambayo huongeza hatari ya ugonjwa wa moyo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa wito kwa nchi zote kuyaondoa mafuta ya transi ya viwandani katika vyakula ifikapo mwaka 2023. Zingatia: tatizo halitokani na haidrojeni yenyewe, bali na kazi iliyoachwa nusu. Mafuta yaliyoshibishwa kabisa hayana bondi maradufu, kwa hiyo hayawezi kuwa na transi. Hata hivyo, kula mafuta mengi yaliyoshiba nako hakushauriwi.

4.2 Kuongeza halojeni

CH₂=CH₂ + Br₂ → CH₂Br–CH₂Br

Zao ni 1,2-dibromoethani. Hapa bromini imeyeyushwa katika kiyeyusho kisicho maji. Mmenyuko hutokea katika joto la kawaida, bila kichocheo.

Hiki ndicho kipimo maarufu cha alkeni. Maji ya bromini yana rangi ya njano hadi kahawia. Ukiyatikisa pamoja na alkeni, rangi hupotea. Ukiyatikisa pamoja na alkani mbali na mwanga mkali, rangi hubaki. Fanya kipimo hiki kivulini, kwa sababu katika mwanga wa jua alkani nayo huweza kumenyuka na bromini kwa ubadilishaji, na utadanganyika.

Tahadhari: bromini huunguza ngozi na mvuke wake huumiza mapafu. Jaribio hili lifanywe na mwalimu au chini ya usimamizi wake, mahali penye hewa ya kutosha.

Kipimo cha pili ni potasiamu pamanganeti, ambayo huongeza vikundi viwili vya –OH kwenye bondi maradufu na kutoa ethani-1,2-dioli. Pamanganeti yenye asidi hubadilika kutoka zambarau na kuwa haina rangi. Katika hali ya alkali, mwishowe hutoa masimbi ya kahawia ya MnO₂.

4.3 Kuongeza haidrojeni halaidi, na kanuni ya Markovnikov

CH₂=CH₂ + HBr → CH₃–CH₂Br

Kwa etheni hakuna tatizo: pande zote mbili za bondi zinafanana. Tatizo huanza kwa propeni. Je, Br iende mwisho wa mnyororo au katikati?

CH₃–CH=CH₂ + HBr → CH₃–CHBr–CH₃

Zao kuu ni 2-bromopropani. Mwanakemia wa Urusi Vladimir Markovnikov alichapisha kanuni ya jambo hili mwaka 1870: haidrojeni huenda kwenye kaboni ya bondi maradufu ambayo tayari ina haidrojeni nyingi zaidi. Ikumbuke hivi: *tajiri wa haidrojeni ndiye anayeongezewa haidrojeni.* Katika propeni, kaboni ya mwisho (CH₂) ina haidrojeni mbili, ya katikati (CH) ina moja. H inaenda kwa tajiri, Br inabaki na maskini.

Kanuni hii ina sababu yake. H⁺ huingia kwanza na kuacha chaji chanya kwenye kaboni ya pili. Chaji hiyo hutulia zaidi inapokuwa kwenye kaboni iliyozungukwa na kaboni nyingine, kwa sababu vikundi vya alkili husukuma elektroni kuielekea. Kisha Br⁻ hufuata chaji ilipo.

Kasi ya mmenyuko hufuata mpangilio huu: HI > HBr > HCl.

4.4 Kuongeza maji

CH₂=CH₂ + H₂O → CH₃–CH₂OH

Maji huwa mvuke, joto ni takriban 300 °C, shinikizo ni takriban angahewa 60 hadi 70, na kichocheo ni asidi ya fosforiki. Zao ni ethanoli. Usichanganye njia hii na ile ya kuchachusha sukari au molasi kwa hamira, ambayo pia hutoa ethanoli lakini katika joto la kawaida na pamoja na kaboni dayoksaidi. Ukiulizwa "taja njia mbili za kutengeneza ethanoli", hizi ndizo.

Kanuni ya Markovnikov inafanya kazi hapa pia: propeni na maji hutoa propan-2-oli, kwa sababu H inaenda kwa tajiri na OH kwa maskini.

4.5 Alkeni kujiongeza yenyewe

n CH₂=CH₂ → –(CH₂–CH₂)ₙ–

Hapa hakuna kitendanishi kingine. Bondi maradufu ya molekuli moja inafunguka na kumshika jirani, ambaye naye anafunguka na kumshika mwingine, hadi maelfu. Zao ni polietheni. Iligunduliwa Uingereza mwaka 1933 na Eric Fawcett na Reginald Gibson wa kampuni ya ICI, walipokuwa wakijaribu mimenyuko ya etheni chini ya shinikizo kubwa sana.

Usidanganywe na jina la mtaani. Watu wengi husema "mfuko wa nailoni". Kikemia, rambo haikuwa nailoni, ilikuwa polietheni. Nailoni halisi utaiona kwenye nyavu za wavuvi. Tofauti yake ni ya msingi: nailoni hutengenezwa kwa kuunganisha molekuli huku molekuli ndogo, kama maji, ikitoka. Polietheni hutengenezwa bila chochote kutoka. Moja ni polima ya nyongeza, nyingine siyo.

Sasa jiulize: kwa nini mfuko huo hauozi? Tazama fomula yake. Baada ya mmenyuko hakuna bondi maradufu iliyobaki kwenye mnyororo. Etheni ilikuwa na njaa, lakini polietheni imeshiba. Ina tabia ya alkani ndefu sana: haimenyuki na maji, wala asidi za kawaida, wala vimeng'enya vya vijidudu vingi. Jua na mawimbi huikatakata vipande vidogo, lakini vipande hivyo bado ni polietheni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulichunguza matumbo ya sangara na sato walionunuliwa Mwanza. Vipande vya plastiki vilithibitishwa katika mmoja kati ya kila samaki watano wa kila aina, na polietheni ilikuwa miongoni mwa plastiki hizo. Sifa ileile inayoufanya mfuko ubebe samaki wabichi bila kuharibika ndiyo inayoufanya ubaki ziwani baada ya kutupwa.

5. Makosa yanayopoteza alama

*Kuacha bondi maradufu kwenye zao.* Ukiongeza H₂ au Br₂ kwenye etheni halafu ukabakiza alama ya "=", kaboni zako zitakuwa na bondi tano. Kaboni huwa na bondi nne. Hesabu kila mara.

*Kuandika polietheni kama –(CH₂=CH₂)ₙ–.* Hili ni kosa lilelile kwa sura nyingine.

*Kusema rangi ya bromini "inakuwa nyeupe".* Inapotea, myeyusho unakuwa hauna rangi. Maziwa ni meupe, maji hayana rangi.

*Kusahau masharti.* Mlinganyo sahihi usio na kichocheo wala joto mara nyingi hupata nusu ya alama.

*Kuita kila badiliko la mafuta nyongeza.* Dagaa waliokaa sana huchacha na kutoa harufu kali kwa sababu oksijeni hushambulia mafuta yao yasiyoshiba. Lakini oksijeni huanza kwenye kaboni iliyo *jirani* na bondi maradufu, kwa kung'oa haidrojeni. Huo ni uoksidishaji, si nyongeza rahisi ya mada hii.

6. Mifano iliyokokotolewa

Mfano 1. Gramu 2.8 za alkeni zilimenyuka kikamilifu na gramu 8.0 za bromini. Tafuta fomula ya alkeni hiyo. (C = 12, H = 1, Br = 80)

Moli za Br₂ = 8.0 ÷ 160 = 0.05
Bondi maradufu moja huchukua Br₂ moja, kwa hiyo moli za alkeni = 0.05
Uzito wa moli moja = 2.8 ÷ 0.05 = gramu 56
CₙH₂ₙ: 14n = 56, hivyo n = 4
Fomula ni C₄H₈.

Mfano 2. Ni ujazo gani wa haidrojeni, katika hali sanifu ya joto na shinikizo, unaohitajika kushibisha gramu 28 za asidi ya linoleiki? (Uzito wa moli = 280; ujazo wa moli = 22.4 dm³)

Moli za asidi = 28 ÷ 280 = 0.1
Bondi maradufu ni mbili, kwa hiyo moli za H₂ = 0.2
Ujazo = 0.2 × 22.4 = 4.48 dm³

Angalia hatua ya pili ya mfano huu. Anayesahau kwamba bondi ni mbili atapata 2.24 dm³ na kudhani amepatia.

7. Maswali ya kujipima

Funika majibu. Jipe dakika 25.

1. Andika mlinganyo wa but-1-eni na HCl, na utaje zao kuu.

2. Umepewa neli mbili za kioo zisizo na lebo: moja ina heksani, nyingine ina heks-1-eni. Eleza utakavyozitambua.

3. Namba ya iodini ni gramu za iodini zinazochukuliwa na gramu 100 za mafuta. Asidi ya oleiki (uzito wa moli 282) ina bondi maradufu moja. Kokotoa namba yake ya iodini. (I = 127)

4. Mafuta ya nazi huganda asubuhi yenye baridi, lakini mafuta ya pamba hubaki kimiminika. Ni yapi yana namba kubwa ya iodini? Toa sababu.

5. Polietheni fulani ina uzito wa moli wa 56,000. Ni molekuli ngapi za etheni zilizoungana?

6. Mvuvi wa Ukerewe anasema: "Mfuko ulitengenezwa kwa gesi, basi ukikaa majini utarudi kuwa gesi na kupotea." Mjibu kwa kutumia kemia.

8. Majibu

1. CH₃CH₂CH=CH₂ + HCl → CH₃CH₂CHClCH₃. Zao kuu ni 2-klorobutani, kwa kanuni ya Markovnikov.

2. Weka matone ya maji ya bromini katika kila neli, kivulini, na utikise. Neli ambamo rangi inapotea ina heks-1-eni. Ambamo rangi inabaki ina heksani.

3. Moli moja ya asidi huchukua moli moja ya I₂, yaani gramu 254. Namba ya iodini = 254 ÷ 282 × 100 ≈ 90.

4. Mafuta ya pamba. Yana bondi maradufu nyingi, kwa hiyo huchukua iodini nyingi, na minyororo yake iliyopinda haigandi kwa urahisi. Mafuta ya nazi yameshiba kwa kiasi kikubwa.

5. 56,000 ÷ 28 = 2,000.

6. Ni kweli kwamba mfuko ulianza kama gesi ya etheni. Lakini bondi maradufu zilizoifanya etheni imenyuke zimekwisha kutumika kuunganisha mnyororo. Zilizobaki ni bondi moja za C–C na C–H, ambazo ni imara na ambazo maji ya ziwa hayawezi kuzivunja. Mfuko utakatika vipande vidogo, lakini hautarudi kuwa gesi. Jibu lenye hoja hizi tatu, yaani bondi iliyofunguka, bondi zilizobaki na vipande vidogo, limekamilika.

Ukipata maswali manne au zaidi, endelea na mada ya alkoholi. Ukipata pungufu, rudia sehemu ya 3 na 4.3 kabla ya kusonga mbele. Wengi wanaokwama kwenye mada hii hukwama hapo.